Digrii Inalipa? Niulizeni Mimi Ninayeandaa Mishahara

Mwisho wa mwezi mmoja kijana wetu wa uhasibu alikuja mezani kwangu kuchukua hati yake ya mshahara. Mbele yake alikuwa amesimama dereva wa malori ya Juba, mtu mzima, kofia kwapani, anatia sahihi posho ya safari. Kijana hakukusudia kuchungulia, ila karatasi ilikuwa wazi na macho hayana pazia. Akaiona tarakimu ya dereva. Akaitazama yake. Akarudi kwa ya dereva.

"Mzee," akasema, utani kidogo, uchungu kidogo, "wewe ulisoma chuo gani?"

"Elegu," dereva akajibu bila kuinua kichwa. "Halafu masomo ya juu nikamalizia Nimule."

Ofisi nzima ilicheka: Elegu na Nimule ni vituo vya mpaka wa Uganda na Sudan Kusini kwenye barabara ya Juba, si vyuo. Hata kijana alicheka, akaikunja hati yake mara nne akaitia mfukoni.

Karatasi zile mbili niliziandaa mimi. Nashughulikia mishahara katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Kampala, si mbali na Arua Park, na kwa kazi hiyo najua jambo ambalo wengine hulikisia tu: nani analipwa nini, na alisoma hadi wapi. Kicheko kile kingepita kama vicheko vingine vya mwisho wa mwezi. Lakini jioni ileile simu yangu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka nyumbani.

## Swali la daftari

Baba mdogo ni mfanyabiashara. Anatoa sabuni, sukari na mafuta ya kula Arua, anavusha hadi soko la Ariwara upande wa Kongo, anarudi na pesa au na deni. Kila mzigo ameuandika katika daftari lake: umetoka siku gani, umerudi siku gani, umeacha nini. Mtu wa namna hiyo hana maneno mengi.

"Salaam aleikum, mama. Zaitun amepata nafasi ya chuo huko Kampala, ila ni ya kujilipia. Kile kiwanja cha Onduparaka kimepata mteja, anatoa milioni 25. Wewe unaziona pesa za watu waliosoma kila mwezi. Niambie ukweli wa Mungu: nikiuza, pesa itarudi?"

Zaitun ni binti yake. Angeniuliza kama elimu ni kitu kizuri, ningemjibu palepale. Majibu ya swali hilo tulikaririshwa tangu darasa la kwanza, na mengine tuliyaimba. Yeye aliuliza swali la daftari. Pesa itarudi? Lini? Na itarudi kwa nani?

Wiki zikapita sijamjibu. Nilikuwa naanza kuandika "Baba mdogo, kwa kweli..." halafu nafuta.

Hesabu ninazo. Nilichokosa ni imani kwamba hesabu zangu zinajibu alichouliza.

## Mstari kwa mstari

Tuanze na kijana wetu. (Tarakimu nimezigeuza kidogo, kibarua bado nakihitaji.) Ana digrii ya biashara, daraja la pili la juu, na mshahara ghafi wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa Kampala ya leo, mhitimu anayeanza ofisini kwa kiasi hicho hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema ameonewa. Wapo wanaoanza kwa nusu yake. Na sheria haina cha kuwasaidia: kima cha chini cha mshahara kilichomo kwenye vitabu ni 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984, na hadi leo hakuna kingine kilichokiondoa.

Sasa makato. Shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi kodi. 100,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 10, na 75,000 za baada ya hapo asilimia 20. Ukivuka 410,000, kila shilingi ya juu yake inakatwa asilimia 30. Kwa kijana wetu kodi inafika 142,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 5, yaani 40,000. Ile kodi ya huduma ya serikali za mitaa, inayokatwa miezi ya mwanzo wa mwaka wa fedha, niiache.

Mkononi: 618,000.

Ngazi hizo za kodi ni za mwaka 2012. Wakati huo mtu wa 410,000 alikuwa mtu wa kuheshimika kidogo, na pengine ndiyo maana waliona anastahili kukatwa kama tajiri. Leo mtu wa 410,000 ni yule anayemwomba kaka yake nauli tarehe 20.

Na dereva? Aliishia S4, yaani kidato cha nne. Mshahara wake wa msingi uko chini ya wa kijana, lakini kila safari ya Juba ina posho, na mwezi wenye safari nyingi humfikisha karibu mara mbili ya kijana. Watu wakisikia hivi hukimbilia kusema basi tusomeshe watoto udereva. Wasubiri kwanza. Mwaka 2021 malori yalipanga foleni Elegu kwa sababu madereva waligoma kuvuka, wenzao walikuwa wameuawa kwa risasi barabarani huko Sudan Kusini. Posho ile ni bei ya hatari, na inakoma siku mgongo unapokataa kukaa kwenye kiti kwa saa kumi na nne.

Kumlinganisha kijana na dereva kunachekesha ofisi, lakini hakumsaidii baba mdogo. Anayehitaji kulinganishwa na Zaitun ni Zaitun mwenyewe.

## Zaitun wawili

Zaitun asiye na digrii tunamjua. Tangu amalize S6 anakaa kwenye kibanda cha pesa za simu cha shangazi yake, sokoni Arua, na mwezi wa kawaida anapata kama 250,000.

Zaitun mwenye digrii inabidi tumbuni. Tumpe bahati ya kijana wetu: 618,000 mkononi. Tofauti kati ya Zaitun hawa wawili ni 368,000 kwa mwezi, au milioni 4.4 na chenji kwa mwaka.

Upande wa kutoa niliupata kwa baba mdogo mwenyewe, ameshapiga simu huku na kule. Ada na michango ya chuo, milioni 1.7 kwa muhula. Hosteli ya Kikoni, 900,000. Chakula, nauli, karatasi, milioni 1.2. Jumla milioni 3.8 kwa muhula, na mihula ni sita: milioni 22.8. Halafu kuna pesa ambayo hakuna anayeiandika, ile ambayo Zaitun angeipata kibandani kwa miaka hiyo mitatu. Milioni 9. Tumefika milioni 31.8. (Mchumi ataniambia chakula angekula hata Arua. Ni kweli, ila Arua anakula kwao.)

Gawanya. Inamchukua miaka saba na kidogo ya kazi kurudisha pesa hiyo, bila faida, bila kuhesabu kwamba shilingi ya mwaka wa saba si shilingi ya leo. Na hapo tumechukulia kwamba mahafali ni Ijumaa na kazi inaanza Jumatatu.

Miaka saba si mibaya, nikajiambia. Yuko na miaka 19. Akianza kazi na 23, kwenye 30 digrii imejilipa, na mbele yake kuna miaka 30 mingine ya kuvuna. Nilikaribia kutuma jibu usiku ule.

Kilichonizuia ni tangazo la Benki Kuu.

## "Riba hiyo, mama"

Hatifungani za serikali za miaka 10, yaani pesa unayoikopesha serikali nayo ikakulipa riba, miaka hii ya karibuni zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Mtu yeyote anaweza kuanza na shilingi 100,000. Kodi kwenye faida ya zile za miaka 10 na zaidi ni asilimia 10 tu, tofauti na mshahara. Nikachukua milioni 22.8 za Zaitun, nikaziweka huko kwa asilimia 15 kwenye karatasi. Baada ya kodi zinaleta kama 256,000 kila mwezi. Zinaanza kulipa ndani ya miezi sita, hakuna mtihani, hakuna usaili, na baada ya miaka kumi mtaji wote unarudi. Huku Zaitun akiendelea kukaa kibandani na 250,000 zake.

Rudia hesabu hiyo mwenyewe. Zaitun wa kibandani mwenye hatifungani anapata 506,000 kwa mwezi kuanzia mwaka wa kwanza. Zaitun wa ofisini anapata 618,000 kuanzia mwaka wa nne, akibahatika, na kiwanja kimekwenda.

Nilimpigia baba mdogo. Sikufika mbali.

"Riba hiyo, mama."

"Ni ya serikali, baba mdogo."

"Riba ni riba. Sikumlea kwa riba, sitamsomesha kwa riba. Endelea na lingine."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Mtu amekuuliza hesabu, umempa hesabu, anakujibu kwa fatwa. Lakini nilipotulia niliona kwamba hata bila dini, hesabu yangu ilikuwa na tundu. Nimekulia katika ukoo ule. Milioni 22.8 zikae kwenye akaunti miaka kumi, zina jina la Zaitun, na wote tunajua zipo? Msiba wa kwanza ungechukua tatu. Harusi ya kaka ingechukua tano "za kurudisha". Kuna mjomba mmoja, simtaji, ambaye angezinusa kutoka Koboko.

Digrii yangu ndiyo mali pekee niliyonayo ambayo hakuna ndugu aliyewahi kuomba nimwazime. Mshahara wake wanauomba, ndiyo. Yenyewe hapana. Na pengine ndiyo sababu kiwanja cha Onduparaka kimekaa salama miaka yote hii: udongo nao hauazimiki kirahisi. Baba mdogo anataka kutoka kwenye mali moja isiyokopeka kwenda nyingine. Katika jedwali langu hakuna safu ya jambo hilo, lakini yeye analijua.

## Wastani wa nani?

Basi nikaenda kutafuta wataalamu. Mwaka 2014 Claudio Montenegro na Harry Patrinos, wachumi wa Benki ya Dunia, walikusanya takwimu za mishahara za nchi nyingi na kukokotoa kila mwaka wa shule unaongeza mapato kwa kiasi gani. Kwa elimu ya juu, eneo la Afrika kusini mwa Sahara lilitoka juu kuliko yote: karibu asilimia 21 kwa kila mwaka wa chuo. Asilimia 21! Inazishinda hata hatifungani. Na sababu yake inaeleweka: wahitimu bado ni wachache kwetu, na kinachokuwa haba hulipiwa.

Nilifurahi kwa muda wa chai moja.

Halafu nikakumbuka ninachofanya kila mwezi. Njia hii ya kukokotoa, iliyopata umaarufu kupitia Jacob Mincer mwaka 1974, inalinganisha mishahara ya waliosoma zaidi na ya waliosoma kidogo. Mishahara. Sasa mimi ni mtu wa mishahara. Jedwali langu lina safu ya jina, ya cheo, ya makato, ya akaunti ya benki. Halijawahi kuwa na mstari wa mtu ambaye hakuajiriwa. Mhitimu aliyezunguka na bahasha Nakasero na Kololo kwa miaka miwili hayumo. Aliyerudi kijijini hayumo. Mwenye joho kabatini na boda barabarani hayumo. Katika nchi ambayo watu wengi hawana mwajiri wa kuwaandalia hati ya mshahara, wastani wa wenye hati ni habari za wageni walioingia ukumbini, nasi tunajadili mlango.

Kuna shaka nyingine, na hii inaniuma zaidi. Nani anayeingia chuo? Serikali hulipia wanafunzi 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vya umma, na ukitazama shule walizotoka utayaona majina yaleyale. Mtoto aliyetoka Budo au Gayaza, mwenye baba mwenye simu ya mkurugenzi, angepata kazi nzuri hata kama angesomea ususi. Kipato chake kinaingia kwenye wastani kama matunda ya digrii. Sehemu yake ni matunda ya baba.

Na sehemu nyingine ni mlango wenyewe tu. Michael Spence aliandika mwaka 1973 kwamba cheti kinaweza kumfaa mwenye nacho hata kama hakikumfundisha kitu, kwa sababu mwajiri hana njia nyingine ya kumjua mtu. Hapa kwetu nimeona matangazo yanayotaka digrii kwa kazi ya kupokea wageni. Ubunge, kwa mujibu wa Katiba, unataka S6 au kinacholingana nayo. Msinitume kwenye siasa.

Kwa hiyo asilimia 21 ni ya kweli, na haimhusu Zaitun hadi tujue ni mhitimu wa aina gani.

## Bei ilipangwa akiwa na miaka 17

Hapa ndipo nilipoacha kuitazama barua ya chuo na kuanza kutazama nyuma yake.

Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii hadi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa historia au jiografia, mwenye digrii ya miaka ileile, anayekaa chumba kilekile cha walimu na kunywa chai ya birika lilelile, alibaki na kama milioni 1. Walimu waligoma mwaka huohuo. Sina ugomvi na mwalimu wa fizikia kulipwa, anastahili. Ninachosema ni kwamba faida ya digrii hiyo haikupangwa na soko wala na ubongo wa mwenye nayo. Ilipangwa na meza moja ya serikali, katika mwaka mmoja wa bajeti, na inaweza kupangwa upya.

Zaitun alichukua HEG: historia, uchumi, jiografia. Nilimuuliza kwa nini hakuchukua sayansi, nikijua jibu. Shule yake ilikuwa na chumba kilichoandikwa maabara mlangoni. Ndani palikuwa na meza. Mwalimu wa kemia alikuja mara mbili kwa wiki kutoka shule nyingine. Katika darasa lake la S5 hakuna msichana hata mmoja aliyechukua kombinesheni ya sayansi, na si kwamba wote walikuwa hawaipendi.

Kombinesheni hiyo imemfungia mambo mengine kimyakimya. Uuguzi, umefungwa. Uhandisi, umefungwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, unatanguliza kozi za sayansi. Ukiangalia hivi, barua ya udahili inafika wakati karibu kila kitu kimeshaamuliwa. Baba mdogo anauliza bei ya mlango ambao mtoto aliupita akiwa na miaka 17, siku shule ilipomwambia achague kati ya vilivyopo.

Sikumwambia hivyo. Ingemsaidia nini sasa?

## Godoro la Kawempe

Kilichobaki ni mbele ya barua. Yaani baada ya joho.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana wa kutoka Koboko. Nitamwita Rehema. Alipata daraja la kwanza. Mimi sikupata, na wala sikulikaribia. Tukamaliza pamoja, tukafanya mafunzo ya kazi pamoja katika ofisi moja, bila malipo, hata nauli ilikuwa juu yetu. Mafunzo yalipoisha ofisi ilituambia maneno wanayoambiwa wote: "Tutawapigia."

Rehema alikuwa anakaa kwenye chumba cha kupanga Makerere Kivulu. Kodi ilipomshinda alirudi Koboko kungoja simu huko. Mimi dada yangu mkubwa alikuwa na chumba na sebule Kawempe. Nikangojea hapo, kwenye godoro lililosimamishwa ukutani mchana na kulazwa usiku. Nilikula alichopika. Nilivaa viatu vyake kwenye usaili, saizi moja zaidi, na pamba mbele.

Simu ilikuja baada ya miezi mingi. Ilipigwa kwetu wote wawili, alasiri, nafasi ilikuwa moja: njooni kesho saa tatu asubuhi.

Kutoka Kawempe nilipanda taksi.

Kutoka Koboko hadi Kampala ni basi la usiku kucha, ukilipata, na nauli yake mtu aliyekaa mwaka bila kazi hana mfukoni alasiri ya siku moja. Rehema alifika saa saba mchana akiwa na vumbi la barabara nzima kwenye sketi. Wakamwambia usaili umefungwa.

Kazi ile ndiyo iliyonileta kwenye mishahara, na ndiyo iliyonipeleka kazi iliyofuata, na hii ya sasa. Rehema anafundisha shule ya binafsi, anapata kiasi ambacho akikisema hucheka kwanza. Vyeti vyetu vimetoka chuo kimoja, siku moja, na chake ni bora kuliko changu. Kama kuna mtu atatuingiza sote wawili katika utafiti wa faida ya digrii, atatafuta tofauti yetu kwenye alama na hataiona.

Ni godoro lile. Dada yangu hakuwahi kulitoza.

Niliposhika kalamu tena, hilo ndilo nililoliona kwenye hesabu ya baba mdogo. Milioni 22.8 zinaishia siku ya mahafali. Kiwanja kinatoa 25. Siku Zaitun anavua joho, ukoo unabaki na milioni mbili na laki mbili. Chumba cha kupanga, chakula na nauli za kuzungusha bahasha haviendi chini ya 450,000 kwa mwezi. Pesa hiyo haimalizi mwezi wa tano. Mwezi wa sita yuko kwenye basi la kurudi Arua, na kiwanja kimenunua karatasi ya kuning'iniza sebuleni.

Watu husema digrii hailipi kwa sababu wanaona wanaorudi. Wengine husema inalipa kwa sababu wanaona waliobaki. Katikati kuna mwaka mmoja au miwili ya kungoja, na hiyo haina risiti. Vyuo vikipandisha ada wanafunzi huandamana, kama Makerere mwaka 2019 kwa nyongeza ya asilimia 15. Bei ya kungoja hupanda kila kodi ya chumba inapopanda, na hakuna ofisi ya kwenda kuandamana mbele yake.

## Nilichomjibu

Nilimpigia Jumapili baada ya alasiri, wakati duka limetulia.

"Baba mdogo, pesa inaweza kurudi. Siwezi kukuapia. Lakini ukiuza kiwanja chote ukakimaliza kwenye ada, haitarudi. Hilo naweza kukuapia."

Nikamweleza ya Rehema. Alimjua baba yake. Akauliza maswali ya mfanyabiashara: mtu hungoja muda gani? Wengine miezi, wengine miaka, na mwenye mtu Kampala hungoja kidogo zaidi. Na akipata, itakuwa kiasi gani? Nikamwambia 618,000. Akasema hapana, anauliza mshahara, si posho. Nikamwambia huo ndio mshahara.

"Wa mwezi?"

"Wa mwezi."

Alikuwa akidhani milioni tatu. Nadhani ukoo mzima unadhani milioni tatu, na nadhani ndiyo maana kila mwezi orodha ya maombi inayonifikia ina urefu ule: ada ya mdogo wangu wa kiume, dawa za bibi, mchango wa paa la msikiti. Sisi tulioajiriwa tunaificha tarakimu kwa aibu, halafu tunalalamika kwamba wanatuona tajiri. Daftari la baba mdogo likihesabu faida ya digrii yangu, lisisahau kuandika kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo imeshakula wali nyumbani kwake.

Tulikubaliana hivi, na si mpango wa kupendeza. Kiwanja kinagawanywa. Nusu inauzwa sasa kwa mteja huyohuyo, ambaye amenung'unika lakini hakuondoka. Mihula inayobaki itatoka kwenye mizigo ya Ariwara, kadiri itakavyoruhusu. Nusu ya pili haiguswi hadi baada ya mahafali: hiyo ndiyo pesa ya kungojea. Na hosteli ya Kikoni tumeifuta. Zaitun atakaa kwangu. Hapo peke yake ni milioni 5.4 kwa mihula sita, na mimi nimepoteza sebule. Baba mdogo amesema atakuwa analeta unga wa muhogo na ufuta kwa basi. Nimekubali kabla hajabadili mawazo.

Kama atapata kazi, sijui. HEG ni HEG, na mshahara uliopandishwa mwaka 2022 haukuwa wa HEG. Nilimshauri angalau abadilishe kozi aende ya uhasibu na biashara, kwa kuwa uchumi anao na kila kampuni ya malori inahitaji mtu wa kubishana na mamlaka ya kodi. Amesema atafikiria.

Jioni Zaitun alinipigia mwenyewe. Sauti ya mtu aliyekuwa anasikiliza mazungumzo ya watu wazima mlangoni.

"Dada, nimesikia hesabu. Nikuulize kitu? Wewe wanakulipa ngapi?"

Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza hivyo moja kwa moja, na hakuna niliyewahi kumwambia. Nikamwambia. Ghafi, makato, kinachobaki.

"Na nauli ya kwenda kazini, kampuni inalipa?"

Hailipi.

"Basi toa na hiyo," akasema, "halafu nipe tarakimu upya, naandika."